Huyu Mgeni wa Nani?

Mzungu akishuka stendi ya Mtwara na begi lake mgongoni, au akionekana anaingiza godoro kwenye nyumba ya kupanga Lindi mjini, kelele atakazozisikia kwanza ni zile zile za nchi nzima: "Mzungu! Mzungu!" Wenyeji wengi wanaopokea wageni, kuanzia walimu wakuu na maparoko hadi wasimamizi wa miradi na wenye nyumba, hudhani hizo kelele ndizo tatizo. Wiki ya kwanza nzima inakwisha wanawakemea watoto na kumwomba mgeni radhi. Wangeachana nazo. Kelele hupungua zenyewe. Kinachoamua mgeni ataishi vipi mtaani ni swali linaloulizwa kwa sauti ya chini akishapita, kwenye benchi la kahawa au mbele ya duka la Mangi: huyu wa nani?

Huku Kusini mgeni sharti awe na mwenyewe. Kuna wa misheni, wa gesi, wa korosho, wa barabara, wa chuo, wa hospitali. Akishapata fungu lake, watu wanajua wamsalimu vipi, wamwombe nini na wasimwombe nini, na akipatwa na jambo wampigie nani simu. Tabia hii ina umri mrefu. Mwaka 1866 Livingstone aliingilia Mikindani kwenda bara. Waanglikana wako Masasi tangu 1876, Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, wakabebesha wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikaenda Berlin na iko huko mpaka leo. Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga Nachingwea. Mradi ukafa, bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ikabaki, reli yake ikafungwa miaka ya 1960. Baadaye wakaja wa gesi ya Mnazi Bay, wa bomba, wa saruji ya Dangote pale Msijute, na kila msimu wa korosho wanunuzi kutoka India na Vietnam. Kwa hiyo mzee wa Nachingwea hashangai ngozi. Anamshangaa mtu ambaye hakuna aliyemwambia amekuja kufanya nini.

Na gesi iliacha kumbukumbu chungu pia. Miaka ile ya matumaini nyumba za Shangani, Mtwara mjini, zilipanda kodi, wengine wakataka walipwe kwa dola, na mwaka 2013 mji ukawaka moto kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Mgeni anayekuja leo kufundisha hesabu bado anaweza kuulizwa, kwa utani wenye mwiba ndani, kama naye amekuja kuchukua kitu.

Sasa kazi ya mwenyeji. Kabla mgeni hajalala usiku wa pili, mtembeze. Anza ofisini: mtendaji wa mtaa au wa kijiji, kisha mwenyekiti, kisha balozi wa nyumba kumi. Beba nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, nakala ya kibali cha ukaazi, picha mbili ndogo, na barua ya utambulisho yenye mhuri. Barua iseme mambo matano tu: jina, uraia, kazi, ataondoka lini, na namba ya simu ya mwenyeji. Barua bila mhuri ni karatasi. Kama mgeni ni mtafiti ngazi zinaongezeka: kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kinapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika barua kwenda wilayani, wilaya kwenda kata, kata kwenda kijiji. Kuruka ngazi moja ili kuokoa siku mbili hugharimu wiki mbili, maana mtendaji wa kijiji hatakubali kuwa mtu wa kwanza kusaini.

Kibali chenyewe kiangaliwe mapema. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la waajiriwa, C la wamisionari, wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni la kijana aliyekuja "kujitolea" shuleni kwa viza ya utalii. Yeye anadhani kwa kuwa halipwi basi hafanyi kazi. Uhamiaji hawaoni hivyo, na wakija, anayeaibika mbele ya mtaa ni mwalimu mkuu aliyempokea.

Baada ya ofisi, majirani. Nyumba ya kulia, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, halafu duka, bomba la maji, kijiwe cha bodaboda. Nendeni kwa miguu. Ukimpitisha mtaani ndani ya gari, vioo juu, umemtambulisha kama mtu wa vioo juu. Saa nzuri ni baada ya swala ya alasiri, watu wamerudi shamba na baharini, jua limepoa. Kila mlango piga hodi, sema jina lake, kazi yake, na "ni mgeni wangu", halafu nyamaza umwache asalimie mwenyewe. Shikamoo kwa wazee ataitamka vibaya na itapokewa vizuri. Mkikaribishwa kukaa, kaeni nyumba moja au mbili. Kwingine ombeni udhuru kwamba giza linaingia. Wapo wenyeji wanaofanya utambulisho huu kwa simu, au wanamtuma dereva. Haifai kitu. Mtaa unataka kuona uso wa mwenyeji pembeni ya uso wa mgeni, ili siku ya matata wajue wamkamate nani.

Watoto sasa, maana wao ndio wanaosikika. Siku za mwanzo wakubwa wanakimbilia kwake, wadogo wanakimbia kwenda kwa mama zao, na yupo mmoja, wa mwaka na nusu hivi, ambaye atalia kwa hofu ya kweli huku dada yake akimsogeza karibu zaidi ili acheke. Mgeni asimfuate huyo kumbembeleza. Wiki ya pili wanazoea kumshika. Utamwona mtoto amekaa naye barazani, anabonyeza kidole kwenye mkono wa mgeni, anakitoa, anatazama alama nyeupe inavyogeuka nyekundu kisha kupotea, anabonyeza tena. Nywele nazo zitavutwa. Akikasirika, mchezo umenoga. Akipunga mkono kila akiitwa, amegeuka redio ya mtaa, itawashwa asubuhi hadi jioni. Kinachofanya kazi ni kusimama mara moja, kuchuchumaa, kumuuliza mmoja jina lake na kumtajia la kwake. Watoto wanapenda kujua kitu ambacho wenzao hawakijui. Baada ya majuma mawili matatu utawasikia wale wale wakiita "Ana! Ana!" badala ya mzungu, na wakiwafokea watoto wa mtaa wa pili wanaokosea. Mtaa wa pili utaendelea na mzungu wake, na wa tatu pia. Hakuna dawa ya mji mzima.

"Nipe pipi", "nipe kalamu", "givi mi mani" ni jambo jingine, na chanzo chake si umaskini peke yake. Sikiliza zinakotokea: ni njia ambazo magari ya wageni hupita na waliopita walirusha vitu dirishani. Mgeni anayetaka kutoa daftari azipeleke shuleni, zipokelewe kwa mwalimu mkuu, ziandikwe. Akigawa barabarani hata mara moja, kesho atapata foleni, na keshokutwa mama wa aliyekosa atamnunia.

Bei. Hapa watu husema "wanatuibia" haraka mno, wenyeji kwa wageni. Vitu vya dukani havina bei ya mzungu: sukari, unga, sabuni, soda, vocha, nauli ya daladala. Bei hupanda pale ambapo hata mwenyeji hupatana: bodaboda, bajaji, kuku wa kienyeji, samaki feri, vinyago, kazi ya fundi. Safari ya buku anaambiwa tatu. Lakini hasara kubwa zaidi haionekani kwenye bei. Sokoni nyanya, ndimu na dagaa vinauzwa kwa fungu. Fungu la mgeni lina bei ile ile ya fungu la mama jirani, ila mama jirani akishalipa huongezewa nyanya mbili tatu juu. Hiyo nyongeza haiuzwi. Inapatikana kwa kurudi. Kwa hiyo mpeleke mgeni kwa muuzaji mmoja, mwambie arudi kwa huyo huyo, asizunguke soko zima akilinganisha bei. Akirudi mara ya tatu au ya nne ataitwa "mteja wangu", na mfuko utaanza kuwa mzito. Abebe noti ndogo. Elfu kumi kwa fungu la mchicha asubuhi ni ugomvi, maana muuzaji kweli hana chenji, na mgeni anadhani anadanganywa. Kwa boda achague dereva mmoja wa kijiwe kile kile mlichokipitia, mpatane bei za safari nne za kawaida mara moja: sokoni, kazini, stendi, hospitali ya Ligula. Akipanda pikipiki ya barabarani bei aulize kabla ya kupanda. Akiuliza akishashuka, jibu ameshalilipia.

Unakwenda wapi? Unatoka wapi? Mbona peke yako? Mgeni wa Ulaya husikia upelelezi hapo. Mweleze mapema kwamba "hapo mbele" au "natembea" yanatosha, na kwamba anayeuliza hasubiri ramani. Ila wanaokimbia mazoezi asubuhi, kaptura fupi, jasho, hawana mbwa nyuma wala basi mbele, hao wajiandae: watu wataendelea kuuliza wanakimbia nini hadi siku ya kuondoka. Mabinti wataulizwa kuhusu ndoa kabla ya kuulizwa kuhusu kazi. Umeolewa? Bado. Una watoto? Bado. Hapo mazungumzo yanasonga. Akijibu kwamba hana mpango na mume wala mtoto, atakuwa amefungua kikao. Vijana watakaotangaza nia ya kumwoa hapo hapo kijiweni ni wengi na asilimia kubwa wanawachekesha wenzao. Yule anayetuma ujumbe saa sita usiku hachekeshi mtu, na huyo apelekewe mwenyeji, sio polisi kwanza.

Mavazi na Ramadhani nitayapitia haraka kwa sababu yanajulikana. Miji ya pwani hii ni ya Waislamu wengi: mabega na magoti yafunikwe mtaani, ufukweni kwenye watu vilevile. Mwezi wa mfungo asile wala kunywa maji njiani mchana. Hakuna atakayempiga, ila atakuwa amejitenga mwenyewe katika mwezi ambao angekaribishwa futari kila jioni.

Si kila mgeni anayeonekana ni mzungu, na hapa ndipo uungwana wetu unapopungua. Mchina anayesimamia kazi ya barabara hupigiwa "hii-haa!" na watoto waliosimama mkao wa karate, na watu wazima wanacheka badala ya kuwakanya. Mhindi mwenye duka Lindi, aliyezaliwa Lindi, babu yake akazikwa Lindi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha anayemwita mgeni, bado anaulizwa kwao ni wapi. Mmarekani Mweusi hupita kimya kabisa hadi afungue mdomo. Sekunde hiyo anageuka "mzungu mweusi", bei inapanda, na yeye aliyetarajia kwamba amerudi nyumbani anaumia kuliko mzungu yeyote. Mwenyeji wake amwambie kabla.

Anayepata shida ya kweli ni Mwafrika asiyefahamika. Mmakonde wa Msumbiji ni ndugu. Mto Ruvuma haujawahi kuwatenga, na tangu 2010 kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Lakini tangu vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ianze mwaka 2017, na hasa baada ya Oktoba 2020 wavamizi walipovuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, vijiji vya mpakani haviulizi tena "wa nani" kwa udadisi. Mgeni mwenye lafudhi ya kaskazini ya Afrika, au kijana wa Ethiopia aliyepotea njia ya kwenda Afrika Kusini, atafikishwa kwa mtendaji kabla ya jua kuzama. Kwenye maeneo hayo hata mzungu mwenye vibali vyote asitembee bila mtu wa kijiji, na kamera ibaki ndani ya mfuko. Bandari, uwanja wa ndege, mitambo ya gesi, madaraja na kambi havipigwi picha, iwe kwa simu au kwa chochote.

Hofu ya mumiani haijafa pia, na wasomi wa mjini wanaoicheka wanakosea. Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti cha Selian waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliuawa na wanakijiji walioambiwa kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa Watanzania. Gari geni, vifaa visivyoeleweka, mtu anayechota kitu na kukifunga kwenye mfuko: hivyo vilitosha. Mtu anayepima maji, udongo, mbu au damu vijijini Liwale au Nanyumbu asianze kazi siku aliyofika. Siku ya kwanza ni ya mkutano. Vifaa vitolewe mezani, watu wavishike, mmoja wao aajiriwe kuvibeba.

Picha za watu zina kanuni rahisi: omba, onyesha, na ukiahidi kuleta nakala, ilete. Kwenye ngoma za jando na unyago, ambazo hufuata likizo za shule za katikati ya mwaka na Desemba, sindimba ya uwanjani ni ya wote na mgeni atavutwa acheze. Kinachofanyika ndani ni cha kungwi na wanawe. Mwanamke wa kigeni akialikwa ndani, na hutokea, aende mikono mitupu, simu aiache nyumbani. Sio kwamba aizime. Aiache.

Ukiniuliza lini hasa mgeni anaacha kuwa kioja, nitasema siku ya msiba. Jirani akifiwa, aende siku hiyo hiyo, asisubiri kualikwa. Mwanamume akae nje kwenye mkeka na wanaume, aende makaburini, atupe udongo wake. Mwanamke aingie ndani na kanga mbili, moja kichwani na moja kiunoni, akae chini, na asihisi analazimika kusema chochote zaidi ya pole. Rambirambi anapewa mtu mwenye daftari, jina linaandikwa, na mahali pengine husomwa kwa sauti. Atoe kiasi wanachotoa majirani, elfu mbili au tano. Akitoa hamsini kwa huruma atakuwa amewapandishia bei misiba yake yote ijayo, na amewaaibisha waliotoa mbili. Atawaona pia watani wa marehemu, kwa mfano Wayao kwenye msiba wa Wamakua, wakifanya vituko jeneza likiwa ndani. Asishangae wala asiwashangilie kupita kiasi. Wiki mbili baadaye, mtu akianza kumtania yeye mwenyewe, ugali wake, mwendo wake, Kiswahili chake, hapo amefika. Anayeheshimiwa sana bila kutaniwa bado yuko sebuleni.

Kadi za michango ya harusi zitafuata, nyingi, na yake huja na matumaini makubwa. Achague za watu anaowajua kwa jina, alipe kiwango cha kawaida, nyingine azirudishe mapema na neno zuri. Kukaa na kadi kimya ni kukubali. Na sahani: jirani akileta ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, papai au korosho, sahani isirudi tupu. Hata vitunguu vitatu vinatosha.

Kuondoka ndiko wageni wengi wanakoharibu. Miezi miwili kabla, watu wataanza: "Hili jiko utaniachia?" "Ile baiskeli usimpe mtu." Mgeni anacheka, anasema "tutaona", na kila aliyeuliza ameandika jina lake kwenye kitu hicho. Wiki ya mwisho watu watatu wana friji moja. Basi aandike orodha mapema akiwa na mwenyeji: vya kuuza viuzwe kwa bei iliyotajwa hadharani, vya kutoa vipelekwe kwa mtu mwenyewe na vitoke siku moja, asubuhi, watu wakiona. Ufunguo arudishe kwa mwenye nyumba, deni la duka alimalize, mtendaji aagwe ofisini. Friji iuzwe. Friji isitolewe zawadi kwa mtu yeyote.